Miguu ya Ng'ombe Niliyorudisha kwa Mukwe

Mabinti wa atelie,

Muliniomba niandike namna kazi yetu ilivyokuwa mbele ninyi hamujafika. Muliniomba siku ya kuniaga, kinywa changu kikiwa kimejaa gato, ile keki yenu, mukijua vizuri mutu wa namna hiyo hawezi kukataa. Basi naandika. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, na kusoma vizuri nilijifunza nikiwa tayari mama wa watoto, kwa masomo ya parokia. Musitafute humu maneno makubwa. Mukilikuta moja, mujue ni Madame, mwenye atelie, amelipachika wakati wa kukopi.

Wote mulizoea kuniita Koko, kama wajukuu wangu, bila kuomba ruhusa. Nimesamehe. Kwa wapya ambao hawanijui: jina ni Katungu, na kazi yangu ilikuwa kusimama kwa mulango wa atelie, karakana yetu ya Ndosho, na kusema "hii inaingia" ama "hii inarudi." Ni hayo tu. Mutu anaweza kuzeeka vizuri akisema maneno hayo mawili.

Mbele ya kuanza kazi ya atelie nilikuwa nauza supu ya miguu ya ng'ombe kule Katoyi, kando ya wanaume wanaopasua mawe meusi ya mulima. Madame Noella alikuwa bado musichana, ametoka upande wa Bukavu na masomo yake ya farmasi, anaishi kwa dada yake. Alikula bakuli ya kwanza, akaomba ya pili, halafu akaniuliza:

"Mama, hii supu ikilala, asubuhi unaikuta namna gani?"

"Imeshikana. Unaikata na kisu."

"Hiyo njo kolajeni."

"Hiyo njo supu ya jana," nikamujibu. "Lete bakuli nioshe."

Alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Akanieleza kwamba wanawake wa muji wananunua kopo za unga wa hiyo kolajeni uliotoka mbali, wanakoroga ndani ya chai kwa ajili ya ngozi ya uso na ya magoti, na hakuna anayeweza kusema unga ule ni ngozi ya munyama gani, alikuwa muzima ama mugonjwa, alipikwa na nani, na maji gani. Yeye alitaka kuufanya hapa, na ng'ombe wa Masisi tunaowaona wakipita kwa miguu yao. Nilicheka. Halafu nilifunga biashara yangu ya supu, nikamufuata. Mutu anayekula bakuli mbili kila siku ana uaminifu fulani.

Siku ya kwanza nilifika na kisu changu mwenyewe na kitambaa kizuri cha kichwa. Kwa mulango nilimukuta Mama Zawadi, mwanamuke mwembamba aliyefanya kazi kwa machinjioni tangu usichana wake. Huyo njo alikuwa mwalimu wangu. Alinitazama kama vile mimi ndiye muguu wa ng'ombe. Akaniambia nitoe pete, nikate kucha, nioshe mikono mpaka kwa kiwiko. Nilipomaliza akaniambia nioshe tena. Nilimuuliza kama kwao maji ni ya bure.

"Kwetu maji ni ya bure," akasema. "Kinywa chako njo kitatugharimu. Osha."

Niliosha tena? Niliosha, ndiyo. Kisha akaniweka mbele ya rundo la miguu akasema nichague mizuri. Nilichagua minene, inayong'aa, yenye rangi nyeusi ya kupendeza, kama nilivyofanya miaka yote kwa supu. Mama Zawadi akachukua kitambaa cheupe, akakilowesha, akakisugua kwa nguvu katikati ya kwato mbili, pale ambapo hakuna muchinjaji anayeosha. Kitambaa kikatoka cheusi. Akakiosha na sabuni. Kikabaki cheusi.

Munajua sasa ni nini, lakini wakati ule mimi sikujua. Wachinjaji wengi wanaunguza manyoya ya miguu juu ya moto wa mipira ya motokari. Makaa ni ghali, mupira unawaka haraka, na unaacha rangi ile ya kung'aa ambayo wanunuzi wanaipenda. Wanasema muguu umechomwa vizuri. Moshi ule unaingia ndani ya ngozi, na ngozi njo tunayopika. Jivu la kuni linatoka kwa maji tu, linaacha kitambaa na kijivu kidogo. Masizi ya mupira yana mafuta, hayatoki hata ukimwita padri.

Halafu Mama Zawadi akanifundisha sehemu ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza: kitambaa kinaonyeshwa kwa mwenye muzigo, mbele ya wauzaji wote wanaongoja, na mutu wa mulango ndiye anakionyesha kwa mukono wake. Kwa nini? Kwa muji wetu, ukirudisha muzigo wa mutu pembeni, kwa sauti ya chini, jioni wanasema umemukataa kwa sababu ya kabila lake. Ukionyesha kitambaa mbele ya wote, kitambaa hakina kabila.

Mengine mulishayakuta: kachet, ule muhuri wa daktari wa wanyama, kwa kila ng'ombe, kamba ya rangi kwa kila gunia ili tujue limetoka kwa nani, kisu cha kunyoa kisichokata kitu kingine, moto mudogo usiochemsha kwa fujo, kuondoa mafuta supu ikiisha kupoa, kukausha kwa sinia bila inzi hata mumoja. Nilichukia ile ya inzi. Nilimwambia Madame kwamba Mungu mwenyewe ameshindwa na inzi wa Ndosho. Akaweka nyavu kwa madirisha yote, akaniambia Mungu hakuwa na nyavu.

Kulikuwa na taabu ya maji. Mwanzoni tulipika na maji ya mvua ya tanki, yanayotoka kwa paa. Yalikuwa meupe, matamu, sisi wote tuliyanywa, mimi niliyasifu kuliko wote. Madame alikuwa na desturi ya kutuma unga kidogo kwa labo ya mbali, ile ya kupima vyakula, mbele ya kuuza, na mara ile labo ikarudisha jibu baya. Mulima wetu wa moto ukitoa moshi mwingi, moshi unashuka na mvua, unakula bati la paa, na maji yanabeba vitu ambavyo ulimi haupati, vinavyoharibu meno na mifupa. Mifupa! Na sisi tulikuwa tunauza unga kwa wenye magoti mabaya. Tulimwaga yote. Tangu hapo ni maji ya robine, ya bomba la muji, yamechujwa na kupimwa, na tangu hapo niliacha kusema "nimeonja, ni sawa." Pua na mukono vinakamata mambo mengi. Mengine yanangoja labo, na mutu anangoja pia, hata kama sufuria iko tupu.

Kuhusu wateja sina mengi. Kulikuwa na mama mumoja wa Majengo, mwenye pochi nzuri, alirudisha kopo juma moja likiisha kupita.

"Sijaona kitu," akasema, ananionyesha shavu.

"Mama, uso huo umeutumia miaka mingapi?"

"Hiyo haikuhusu."

"Basi usiudai urudi kwa juma moja."

Madame alinikaripia, na alikuwa na haki, lakini yule mama alicheka, akabaki na kopo lake. Musiahidi kitu, mabinti. Unga wetu ni chakula kisafi, hauponyeshi, haurudishi usichana. Mimi nimeunywa miaka yote hii na munaniona vile niko. Magoti, sawa, siyalalamikii.

Sasa naingia kwa ile habari munayoitaka, ambayo munaisimulia vibaya huko jikoni. Mulisema mukwe wangu, baba ya muchumba wa binti yangu, alinipiga kofi. Hakunipiga.

Ilikuwa kipindi ambacho barabara ya Masisi ilifungwa na ng'ombe walikuwa haba. Sufuria zetu zilikuwa zimelala. Masista wa zahanati moja walikuwa wanangoja unga kwa wazee wao, na Madame alikuwa anatafuta wauzaji wapya kila pembe. Wakati huohuo kitinda mimba wangu, Masika, alikuwa amepata muchumba, Paluku, fundi wa pikipiki kule Majengo, kijana mupole, mikono yake na mafuta siku zote lakini shingo safi. Watu wao ni wa Butembo kama sisi. Walikuwa wameisha kubisha mulango kwetu, kuomba binti, na siku ya kuleta mbuzi za mahari ilikuwa Jumamosi.

Baba ya Paluku, Papa Kambale, ni muchinjaji. Alisikia atelie yetu inatafuta miguu. Akajisemea: nitamuletea mama wa mukamwana wangu miguu, tena mizuri kuliko ya wote. Alitaka kuniheshimu. Hilo mulishike, kwa sababu wengi wanalisahau wanapocheka.

Kwetu, tangu siku ya kubisha mulango mpaka mbuzi zipokelewe, wazazi wa pande mbili hawabishani uso kwa uso. Kama kuna neno, linapita kwa mutu wa katikati, hata kama munasimama karibu namna ya kusikilizana pumzi. Ni desturi nzuri. Imeokoa ndoa nyingi, na imechosha watu wa katikati wengi.

Jumatano asubuhi, Papa Kambale akafika kwa mulango wangu na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imejaa, yeye mwenyewe ndani ya koti na kofia, kama mutu wa kwenda misa. Wauzaji wengine walikuwa pale wanangoja. Mukono wangu haukuhitaji kugusa. Miguu ile ilikuwa inang'aa kama viatu vya harusi.

Mama Zawadi akaniambia kwa sikio: "Katungu, nenda chooni. Ukirudi nitakuwa nimemaliza."

Mupishi wetu naye akasema tuipokee tu, tuitupe nyuma ya nyumba, mukwe asijue. Nilimwambia juma lijalo angeleta mara mbili, tena kwa furaha. Na kuhusu choo, mulango ulikuwa wangu. Wauzaji wote pale nilishawaonyesha kitambaa kwa mukono wangu. Nikimukimbia huyu mumoja, kesho kitambaa kitakuwa na kabila, tena kabila langu.

"Zawadi," nikasema, "mwambie Papa Kambale, karibu."

"Papa Kambale, anasema karibu."

"Mwambie Mama Katungu, asante. Mwambie hii miguu niliisimamia mwenyewe."

"Anasema..."

"Nimesikia."

Nikasugua. Nikaosha na sabuni. Nikainua kitambaa juu, watu waone.

"Zawadi, mwambie Papa Kambale hii imechomwa na mupira wa motokari. Inarudi."

Papa Kambale alitazama kitambaa, halafu wauzaji, halafu Zawadi.

"Mwambie Mama Katungu, Goma yote inachoma hivyo, na Goma yote iko hai."

"Mwambie Goma yote inakohoa."

Wauzaji wakacheka. Kile kicheko sikukitaka. Kilimuingia Papa Kambale kama mwiba.

"Mwambie mimi si muuzaji wa kupita njia. Mimi ni baba ya Paluku."

"Mwambie najua ni baba ya nani. Angekuwa baba ya mutu mwingine, inarudi. Ni baba ya Paluku, inarudi pia."

"Mimi nimechoka," Zawadi akasema. "Semeshaneni ninyi wenyewe."

"Hapana!" tukasema sisi wawili, kwa mara moja.

Papa Kambale akatoa kofia, akaitazama ndani, akairudisha kwa kichwa. Akamwambia mwenye chukudu ageuze. "Mwambie," akasema, bila kunitazama, "mutu anayerudishwa mbele ya watu anajua sasa watu wanamuona namna gani." Akaondoka nyuma ya muzigo wake.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imefika mbele yangu. Masika alikuwa anachagua maharagi ya Jumamosi.

"Mama," akasema, "haukuweza kuugua hata siku ile moja?"

Akasema Paluku hapokei simu. Halafu akanyamaza, na akanyamaza mpaka Jumamosi. Ananipa chakula, ananipa maji ya kuoga, bila neno. Shemeji yangu Kasereka, ambaye angesema kwa upande wetu kwa kuwa bwana yangu alishakufa, alikuja kunitazama tu na kutikisa kichwa. "Shemeji, umeharibu," akasema. "Mwanaume anaweza kusahau mambo mengi. Kicheko hapana."

Kesho yake nilimwambia Madame yote. Hakunipongeza, na ilikuwa vizuri, sikuwa na moyo wa kupongezwa. Alichukua simu akawaambia masista wangoje tena. Mimi nilirudi kwa mulango, na niliogopa. Sikuogopa kwamba nimekosea miguu. Niliogopa kwamba muzee yule aliondoka akiamini ninamuzarau, yeye na moshi wake na nyumba yake, na kwamba binti yangu atalipia zarau ambayo sikuwa nayo.

Jumamosi tulipanga viti, tukapika bugali na maharagi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, tukavaa vitenge. Saa ya kuja ikapita. Majirani wakaanza kuuliza kama barabara ni mbaya, na walijua barabara si mbaya. Masika alikuwa amesimama kwa mulango wa jikoni na mikono yake ndani ya kitenge. Kasereka aliangalia saa yake, akaitingisha, kama vile kosa ni la saa.

Halafu tukasikia mbuzi.

Walifika na pikapu, wajomba na mashangazi, Paluku na shati jeupe, na Papa Kambale wa mwisho kushuka, na lile koti lake. Mbuzi zikashushwa, zikafungwa kwa ukuta. Musemaji wao, mujomba mumoja mwenye tumbo, hakukaa. Akakohoa kidogo, akasema:

"Papa Kambale anasema, mbele ya kukaa, Mama Katungu aje aangalie mbuzi yeye mwenyewe. Sisi hatupendi kurudishwa nyumbani mara mbili kwa juma moja."

Watu wakacheka. Masika hakucheka. Kasereka akainama kwa sikio langu: "Shemeji, nakuomba kwa jina la marehemu kaka yangu. Sema zote ni nzuri, ukae."

Nilisimama. Nilianza na ya kwanza kwa ukuta: macho, meno, kwato. Nzuri. Iliyofuata, nzuri. Nilisonga hivyo, na moyo wangu ukaanza kupumua, mpaka nikafika kwa ile kubwa kuliko zote, ya kahawia, waliyoifunga utepe mwekundu kwa shingo. Pua yake ilikuwa inatiririka. Nikaweka sikio kwa mbavu, nikasikia kifua kinakwaruza. Mbuzi akakohoa, na uwanja wote ulisikia.

Nilimutazama Masika. Alikuwa amejua kwa uso wangu. Alitikisa kichwa polepole: mama, hapana. Angeweza kuolewa pale pale, dakika ile, kama tu ningenyamaza. Mbuzi kukohoa, ni nini? Ingechinjwa, ingeliwa.

Lakini mutu aliniomba niangalie, na nilikuwa nimeangalia.

"Mwambie Papa Kambale," nikasema kwa yule mujomba, "hii ni mugonjwa. Inarudi."

Kasereka akaficha uso kwa mikono. Masika akageuka, akaingia jikoni. Hakuna aliyepumua, isipokuwa ile mbuzi, vibaya.

Papa Kambale akasimama. Mujomba akageuka kwake apokee neno, lakini muzee akamusukuma pembeni na mukono, akasema mwenyewe, kwa sauti ya uwanja wote:

"Jumatano nilirudi nyumbani nikisema, yule mama ananizarau. Muke wangu akaniambia, labda amerudisha miguu, hakukurudisha wewe. Nikasema, tutajua namna gani? Jana nilienda soko nikatafuta mbuzi mugonjwa, na waliniona mwenda wazimu, mutu anayechagua ile inayokohoa. Nikaifunga utepe." Akatoa kofia. "Kama leo angeipitisha juu ya kuogopa aibu ya binti yake, ningejua ile aibu ya Jumatano alinichagulia mimi peke yangu. Ningepanda motokari, nirudi na mbuzi zangu. Sasa nimeona. Huyu mama anarudisha kila kitu."

Uwanja ukalipuka. Mashangazi walikuwa wanajipiga mapaja, Paluku anacheka na machozi, na Masika akatoka jikoni mbio, akanishika kiuno kwa nyuma, akaniambia kwa mugongo wangu, "Mama, wewe ni mubaya, ni mubaya sana," neno lake la kwanza tangu Jumatano.

"Na atanifundisha namna ya kunyoa miguu bila mupira," Papa Kambale akaongeza.

"Maji ya moto na kisu," nikasema. "Jumatatu asubuhi. Ukichelewa utangoja inje kama wengine."

Bado nilikuwa nimeshika kamba ya ile mbuzi ya utepe. Mahari ilikuwa haijapokelewa, desturi ilikuwa bado inatufunga, mujomba alikuwa pale kinywa wazi. Lakini muzee alikuwa ameisha kuivunja mbele yangu, basi nilimugeukia uso kwa uso.

"Papa Kambale, na mbuzi nzima ya nafasi ya hii iko wapi?"

"Iko ndani ya pikapu, mama, chini ya hema," akasema. "Nilijua utaiuliza."

Nikaenda kuitazama.